Peni Moja kwa Kila Maili

Usiku mmoja wa Desemba nilikuwa chumbani kwangu Bristol, laptopu mapajani, koti mwilini kwa sababu hita ya nyumba ile iliwashwa saa chache tu kwa siku. Nilikuwa natazama bei ya treni ya kwenda Glasgow. Tarehe 8 Machi, kuondoka asubuhi, pauni 41. Nikampigia dadangu. Yeye alikuwa Glasgow, akifanya kazi kwenye makao ya wazee.

"Ninunue?"

"Ngoja kwanza. Sijui kama nitakuwa off."

"Utajua lini?"

"Ratiba ya zamu hutoka Alhamisi, ya wiki inayofuata."

"Sawa, basi Alhamisi hii uniambie."

"Alhamisi ya Machi, kitinda mimba. Si ya Desemba."

Tarehe 9 Machi ungetimia mwaka mmoja tangu mama afariki. Mazishi tuliyatazama kwenye simu, kila mtu mji wake, picha ikikwama kila mara mpwa wetu aliyeshika simu upande ule mwingine aliposogea. Tuliahidiana kwamba mwaka ukitimia hakuna atakayekaa peke yake. Haukuwa mpango mkubwa: chai, chapati, tukae pamoja, na kama kilio kitakuja, kije. Kilichohitajika ni mimi kufika Glasgow wakati ambapo yeye hayuko kazini.

Nilipofungua tena ule ukurasa saa nne usiku, bei ilikuwa pauni 56. Treni ileile, kiti kilekile.

Si unajua vile nauli ya kwenda mashambani hupanda tarehe 23 Desemba. Lakini pale stejini angalau unamwona anayeipandisha. Makanga anatazama umati, anatazama mawingu, anataja bei, na wewe unamtukana kimoyomoyo au kwa sauti. Huyu wa Uingereza simwoni. Nikataka kujua ni nani, na alianza lini. Maktaba ya chuo ilikuwa na joto kuliko chumba changu, na ilikesha wazi, kwa hivyo majira yale ya baridi nilisoma historia ya nauli nikingoja Alhamisi ya Machi.

Nilianzia Bristol kwa sababu ndiko nilikokuwa. Agosti 1784, John Palmer, mwenye kumbi za maigizo kutoka Bath, mji jirani, aliishawishi serikali imruhusu kujaribu kusafirisha barua kwa gari la farasi lenye mlinzi na farasi wa kubadilisha njiani. Gari la kwanza liliondoka Bristol saa kumi jioni, likafika London asubuhi, baada ya saa 16. Watu walishangaa. Kabla ya hapo barua ilichukua zaidi ya mara mbili ya muda huo.

Magari ya abiria ya zama hizo yalikuwa na bei mbili. Waliokaa ndani walilipa nauli kamili. Waliokaa juu ya paa walilipa takriban nusu. Farasi ni walewale, barabara ni ileile, na wote walifika dakika moja. Tofauti ilikuwa mvua. Ukiwahi kupanda juu ya paa la matatu siku ya soko unaelewa, ila fikiria hivyo usiku kucha, katika baridi ya Januari ya Uingereza. Chini ya hao wa paani walikuwepo waliopanda mikokoteni ya mizigo iliyokwenda mwendo wa mtu anayetembea. Na chini yao tena, wengi kuliko wote, walikuwa wale waliotembea.

Reli ilipokuja, kampuni hazikuwa na haja kubwa na maskini. Great Western, kampuni iliyojenga njia ya London hadi Bristol na kuikamilisha Juni 1841, iliwafikiria matajiri wanaokwenda Bath na wafanyabiashara wa Bristol. Hao wengine waliwekwa kwenye treni za mizigo. Daraja la tatu lilikuwa sanduku la wazi lisilo na paa, lenye mbao za kukalia na kuta fupi, limefungwa kati ya injini na mabehewa ya mizigo. Kama ng'ombe, isipokuwa ng'ombe hakatiwi tiketi.

Alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1841, treni kama hiyo iliondoka London kuelekea Bristol. Wengi wa abiria wa daraja la tatu walikuwa waashi wa mawe waliokuwa wakijenga jengo jipya la Bunge pale Westminster, kwa sababu la zamani lilikuwa limeungua 1834. Walikuwa wanaenda nyumbani Krismasi. Karibu na mji wa Reading reli inapita katikati ya kilima kilichochimbwa, mahali panapoitwa Sonning. Mvua ilikuwa imenyesha sana na udongo wa ukingo ukaporomoka juu ya njia. Injini iliuvamia ikasimama ghafla. Mabehewa ya mizigo yaliyokuwa nyuma hayakusimama. Watu wanane walikufa palepale, na mmoja baadaye.

Sheria ya Uingereza wakati huo ilikuwa na kipengele cha ajabu cha tangu enzi za kati: kitu kikiua mtu, kitu chenyewe kinaweza kutozwa faini. Basi baraza la uchunguzi likaitoza treni ile pauni 1,000. Niliposoma hapo nilicheka maktabani peke yangu, halafu nikaona aibu. Miaka mitano baadaye, 1846, kipengele hicho kilifutwa. Reli zilikuwa zimeanza kuua watu wengi mno, na wenye reli hawakupenda hesabu hiyo.

Lakini kifo cha wale waashi hakikupita hivihivi. Serikali ilianza kuuliza maskini wanasafirishwaje, na 1844 William Gladstone, aliyekuwa mkuu wa Bodi ya Biashara, alipitisha sheria bungeni. Nimeisoma mara kadhaa na bado naona ina utu wa namna yake. Kila kampuni mpya ya reli ilitakiwa kuendesha angalau treni moja kwa siku za kazi, kwenda na kurudi, inayosimama kila stesheni. Mwendo usipungue maili 12 kwa saa, yaani kama kilomita 19, pamoja na kusimama kote. Mabehewa yawe na viti na yakinge mvua. Mzigo wa ratili 56, karibu kilo 25, usilipiwe. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asilipe. Na nauli isizidi peni moja kwa kila maili.

Peni moja kwa maili. Kutoka London hadi Bristol ni maili 118 kwa reli, kwa hivyo peni 118, yaani shilingi 9 na peni 10 za wakati huo. Kwa kibarua, hiyo bado ilikuwa pesa nyingi. Lakini ilikuwa bei inayojulikana. Ungeweza kuihesabu mwenyewe kwa vidole ukiwa nyumbani, leo au mwezi ujao, na ingekuwa ileile Krismasi na siku ya kawaida. Watu waliziita treni hizo treni za Bunge.

Kampuni zilitii jinsi mtoto anavyotii akitumwa dukani katikati ya mchezo. Sheria imesema treni moja kwa siku. Haijasema saa ngapi. Nyingi ziliiweka alfajiri ya mapema, au saa ambazo mwenye shughuli zake hawezi. Sheria imesema maili 12 kwa saa. Basi ni hizo hizo 12, na ikisimama kando kupisha treni ya haraka, isimame. Mzaha kuhusu treni hizo ulienea hadi ukaingia katika The Mikado, tamthilia ya nyimbo ya Gilbert na Sullivan ya 1885, kama aina ya adhabu.

Kwa nini wazifanye mbaya hivyo kwa makusudi? Jibu lilitoka Ufaransa. Mwaka 1849 mhandisi Jules Dupuit aliandika kuhusu jambo hilihili kwenye reli za kwao. Watu walidhani kampuni inakataa kuweka paa kwenye daraja la tatu kwa ubahili au kwa kuwachukia maskini. Dupuit akasema hapana: paa lenyewe ni pesa kidogo. Kampuni inamtazama yule wa daraja la pili, mwenye uwezo wa kulipa zaidi. Ukimpa maskini kiti kizuri, huyo mwingine atashuka kukikalia. Kwa hiyo maskini ananyeshewa ili mwenye nacho aogope. Niliposoma hilo nilifunga kitabu. Nilikuwa nimeanza kumwona makanga wangu.

Sasa, upande mwingine wa hadithi ni wa Thomas Cook. Jina hilo wengi tunalijua kama kampuni ya utalii iliyofilisika 2019. Mwenyewe alikuwa seremala na mhubiri wa Kibaptisti aliyechukia pombe kwa moyo wote. Tarehe 5 Julai 1841, miezi mitano kabla ya ajali ya Sonning, aliwapeleka watu kama 500 kutoka Leicester hadi Loughborough kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Nauli ilikuwa shilingi moja, kwenda na kurudi. Kampuni ya reli ilikubali bei ya chini kwa sababu Cook aliwaahidi treni iliyojaa. Watu wote siku moja, treni moja, saa moja, wamelipa mapema.

Miaka kumi baadaye, kwenye Maonyesho Makubwa ya London ya 1851, mbinu hiyo ilifika kilele. Wafanyakazi wa viwanda vya kaskazini waliunda vyama vya kuchanga senti kidogo kila wiki hadi nauli itimie. Wasomaji wangu wa Nairobi hawahitaji kuelezwa chama ni nini. Mimi nilishangaa tu kukuta Waingereza walikuwa nacho. Maonyesho yale yalitembelewa mara kama milioni 6, na wengi wa waliofika kwa treni za bei nafuu walikuwa hawajawahi kuiona London.

Kwa hivyo mwaka 1844 ulipokwisha tayari kulikuwa na njia mbili za kumpa maskini nauli ya chini. Ya Gladstone ni: safiri siku yoyote, lakini polepole na vibaya. Ya Cook ni: safiri vizuri kiasi, lakini siku tuliyokuchagulia, na lipa kabla. Tiketi zote za bei nafuu nilizoziona kwenye ile laptopu ni wajukuu wa mojawapo ya hizo mbili. Ila siku hizi mjukuu wa Cook ndiye aliyerithi nyumba.

Daraja la tatu lenyewe lilikua likawa heshima. Mwaka 1872 kampuni ya Midland iliamua kubeba abiria wa daraja la tatu kwenye treni zake zote, hata za haraka. Mwaka 1875 ikafuta daraja la pili kabisa, na abiria wa la tatu wakapata viti vyenye godoro. Kampuni nyingine zilikasirika, halafu zikafuata moja moja, kwa sababu pesa ya wengi ilikuwa nyingi kuliko pesa ya wachache. Kwa miongo mingi reli za Uingereza zikawa na daraja la kwanza na la tatu, bila la pili. Juni 1956 ndipo la tatu likabadilishwa jina likaitwa la pili. Huku kwetu Waingereza walituletea reli na madaraja yake, na ile treni ya usiku ya Mombasa ilibaki na daraja la tatu hadi ilipositishwa 2017. Wao walilifuta hilo jina, sisi tukalitunza miaka sitini zaidi.

Kuhusu mabasi nitakwenda haraka, kwani hadithi yake ni fupi na ina wivu mwingi. Februari 1925 kampuni ya Greyhound ya Bristol ilianza basi la kila siku la Bristol hadi London. Magari ya namna hiyo yakaongezeka kama uyoga, reli zikalia, na mwaka 1930 Bunge likapitisha sheria ya leseni. Ukitaka njia mpya unaomba kwa makamishna, na kampuni ya reli ina haki ya kuja kupinga. Stesheni ya mabasi ya Victoria, London, ilifunguliwa 1932 ndani ya ulimwengu huo uliofungwa, na ulibaki hivyo nusu karne. Oktoba 1980 serikali ya Thatcher ikafungua mlango. Kampuni binafsi zikaungana kwa jina la British Coachways kushindana na National Express ya serikali. Hawakupata nafasi Victoria, wakaegesha kiwanja cha King's Cross. Nauli zikaanguka, wasafiri wakafurahi, na ndani ya miaka michache British Coachways ikafa. Mwaka 2003 Megabus ikaja na viti vya kuanzia pauni 1. Kiti cha kuanzia pauni 1 kilikuwepo, sikatai, kama vile mshindi wa bahati nasibu yupo.

Reli nazo zilitaifishwa 1948, zikapunguzwa vibaya kufuatia ripoti ya Beeching ya 1963 iliyopendekeza kufunga stesheni 2,363, kisha zikabinafsishwa kwa sheria ya 1993. Hapo ndipo bei zikawa msitu. Kampuni nyingi, kila moja na bei zake, juu ya njia zilezile.

Msitu una vijia, na nilivijifunza vyote. Nitavitaja kwa sababu huenda kuna msomaji anayepakia sanduku sasa hivi. Kadi inayoitwa Railcard inakupunguzia theluthi ya nauli. British Rail iliianzishia wanafunzi 1974. Wengi wanadhani ukifika miaka 26 umekwisha, lakini mwanafunzi wa kutwa anapewa hata akiwa na 40. Halafu kuna kugawanya tiketi. Badala ya kukata Bristol hadi Glasgow, unakata Bristol hadi Birmingham, na Birmingham hadi Glasgow, na jumla mara nyingi inakuwa chini. Ni halali kabisa, mradi treni isimame pale tiketi zinapokutana, hata kama wewe hunyanyuki kitini. Kuna tiketi za saa zisizo na msongamano, za bei ya katikati, zinazokuruhusu kubadilisha treni. Na kuna mabasi ya kawaida ya mitaani Uingereza, ambayo tangu Januari 2023 nauli yake iliwekewa kikomo cha pauni 2, kisha 3 mwaka 2025. Wapo watu wenye subira ya kobe wanaovuka nchi kwa hayo, mji hadi mji, na chupa ya chai.

Hata treni za Bunge hazijafa kabisa. Kufunga njia ya reli kisheria ni kazi ndefu, kwa hiyo baadhi ya njia huachiwa treni moja tu kwa wiki ili zihesabike bado ziko hai. Ya Stockport hadi Stalybridge ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Waingereza bado wanaziita za Bunge, ila hii ya sasa haimbebi maskini yeyote. Inabeba sheria.

Lakini tiketi za bei ya chini kabisa ni zile za kukata mapema. Hufunguliwa kama wiki 12 kabla ya safari, na ni za treni moja tu, saa moja tu. Ukiikosa, imekwenda. Pesa hairudishwi. Unaweza kubadilisha kabla ya kuondoka, kwa ada, na unalipa tofauti ya bei ya siku hiyo. Wataalamu wa safari wote wanatoa ushauri mmoja: panga mapema. Ni ushauri mzuri. Niliufuata kwa kila kitu nilichoweza.

Hapo ndipo nilipomkumbuka dadangu na kile kitabu nilichokifunga. Maskini wa Gladstone alilipa kwa kuchelewa na kwa baridi, vitu alivyokuwa navyo tele. Huyu wa sasa anaombwa alipe kwa kuijua kesho yake, wiki kumi na mbili mbele, na hicho ndicho hana. Nani anajua leo kwamba tarehe 8 Machi saa tatu asubuhi atakuwa huru? Mwalimu anajua. Mstaafu anajua. Mimi mwanafunzi nilijua. Mtu ambaye zamu yake inabandikwa ukutani Alhamisi hajui, na watu wa aina hiyo ndio wanaowaogesha wazee, wanaopanga bidhaa maghalani usiku, wanaofagia hizo stesheni. Mtu wa ofisini anayekodiwa treni ya ghafla na mwajiri wake hulipa bei ya juu bila kuuliza. Dada anayetaka kumwona nduguye anatupwa kapu moja na huyo.

Hakuna aliyekaa akapanga kumkomoa, najua. Dupuit angesema ni hesabu tu. Mashine inauliza swali moja: je, huyu anaweza kungoja? Kisha inamdhania kila asiyeweza kungoja kuwa na pesa.

Nilifikiria kununua tu ile ya Desemba na kubahatisha. Dadangu alikataa. "Ukifika na mimi niko kazini utakaa wapi, kwenye lobi na wazee?" Nilifikiria pia kumwambia aombe likizo. Alikuwa ameshaiomba, akaambiwa wiki hiyo imejaa. Sikumuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Yeye ndiye mkubwa, na tangu utotoni habari mbaya anazitoa kwa kipimo.

Alhamisi ya Machi ilifika. Ujumbe wake wa sauti ulikuwa wa sekunde nane. "Nimewekwa usiku wa tarehe nane na usiku wa tarehe tisa. Katikati kuna mchana. Unatosha?"

Treni ilikuwa pauni 118, na hiyo ni baada ya kadi na baada ya kugawanya tiketi pande zote nilizozijua. Kama elfu ishirini za kwetu, na kodi ya nyumba ilikuwa wiki iliyofuata. Nikakata basi: Bristol hadi London, London hadi Glasgow usiku kucha, pauni 27. Kwenda kusini-mashariki ili ufike kaskazini ni upuuzi kwenye ramani, lakini ramani haikati tiketi.

Niliondoka saa kumi na moja jioni. Victoria nilifika saa mbili usiku, na nikazunguka kulitazama lile jengo la 1932, zuri bado kwa nje, kona zake zimepinda kama redio ya zamani. Ndani kulikuwa na baridi na viti vya chuma visivyoruhusu mtu kulala. Kwenye foleni ya Glasgow nilikuwa nyuma ya mama mmoja aliyebeba mtoto na mfuko wa bluu wa plastiki, na mbele yake vijana wawili wenye viatu vya ujenzi vyenye saruji kavu. Nikawakumbuka waashi wa Sonning. Mmoja wao akaniuliza kama najua basi lina choo. Nikamwambia linacho. Akasema afadhali.

Tuliondoka saa tano. Mvua ilinyesha njia nzima, nasi tulikuwa ndani, kwa hivyo kuna maendeleo, sitayakana. Saa nane za usiku tulisimama mahali fulani pa kupumzikia kando ya barabara kuu, taa nyeupe, kahawa ya bei ya dhahabu. Saa moja na nusu asubuhi tukaingia kituo cha Buchanan, Glasgow. Tangu Bristol ilikuwa saa 14 na nusu. Gari la Palmer lilitumia 16 kufika London tu, kwa hivyo nilimshinda, ingawa si kwa mbali nilivyotarajia baada ya miaka zaidi ya mia mbili.

Zamu yake iliisha saa mbili. Alifika saa tatu kasoro, koti juu ya sare, macho mekundu, akanishika mashavu kama mama alivyokuwa akifanya na hakuna kati yetu aliyesema hivyo. Chumba chake kilikuwa orofa ya tatu. Unga alikuwa ameukanda kabla ya kwenda kazini usiku ule, ukafunikwa kwa kitambaa.

Nilipokuwa nageuza chapati ya tatu nikasikia ameacha kuongea. Alikuwa amelala, kichwa juu ya meza, kikombe cha chai bado mkononi. Nikakitoa taratibu. Nikapika zilizobaki. Saa nane mchana akashtuka, akauliza saa ngapi, na nilipomwambia akanikemea kwa kutomwamsha. Tulikuwa na saa nne kabla hajavaa sare tena. Akaleta simu, tukaitafuta ile picha ya mama akiwa amevaa kofia ya mtu mwingine kwenye harusi, na akaanza kunieleza, kwa mara ya kwanza, kofia ile ilikuwa ya nani.